Besi Iliyofika Rungwa

Watu wengi waliosikiliza bendi ya Majabali hawakujua kama Jesca yupo. Walimjua Tamimu, kwa sababu ndiye aliyeimba, na gitaa lake lililia kama bati linalopeperushwa na upepo. Walimjua Deo, kwa sababu mtu anayepiga dramu namna ile hawezi kufichika. Jesca alisimama kati yao na gitaa la besi, kichwa kimeinama, akipiga nota chache za chini kabisa, polepole, kama mtu anayetembea pekupeku ndani ya nyumba ambamo wengine wamelala. Mtu akiona picha ya bendi aliuliza, "Na huyu dada?" Akajibiwa, "Huyo ni besi," na maongezi yakahamia kwingine.

Yeye hakuchukia. Mchana aliuza dawa za mifugo katika duka moja mjini Singida, na jua likianza kulegea alipanda kilimani Mandewa, kwenye stoo ya vitunguu ya marehemu mjomba wake Tamimu, ambayo ndiyo iliyokuwa studio yao. Vitunguu vilishaondoka zamani, harufu ikabaki. Ilikuwa ndani ya kuta, ndani ya magunia waliyoyatundika ili sauti isirudirudi, hata kwenye nyaya. Nje upepo wa Singida, ule usiojua kupumzika, ulipita juu ya mawe makubwa na kujipenyeza chini ya mlango. Jesca alipenda kufumba macho akipiga. Hapo stoo iliyeyuka, akajiona yuko mahali pasipo na jina, penye mwanga wa kijivu, nota zikimtangulia kama ng'ombe wanaoijua njia ya nyumbani.

Muziki wao ulikuwa mzito. Wengine waliuita roki, wengine muziki wa radi, na mama yake Jesca, aliyekuwa akiishi Ikungi, aliuita kwa neno moja la Kinyaturu ambalo Jesca hakuwahi kuwatafsiria wenzake. Redio haikuupiga. Majabali hawakuwa na meneja wala kampuni. Walirekodi wenyewe na kuusambaza wenyewe katika kundi la WhatsApp lenye mashabiki waliotawanyika huku na huko: wanachuo wa mjini, fundi pikipiki wa Manyoni, mwalimu wa kule Iramba, mama mmoja muuza kuku aliyesema muziki ule humtuliza presha.

Na kila Jumamosi alasiri kulikuwa na Kisima. Jina alilitoa Deo. Alisema hakuna aliyezaliwa na maji mdomoni. Kila mpiga muziki alikunywa mahali, na si vibaya kuwaonyesha watu kisima chenyewe. Basi Jumamosi hadi Jumamosi mmoja wao aliandika kundini alikokunywa.

Tamimu alisimulia kanda za bendi nzito za ng'ambo, ambazo mjomba wake alirudi nazo enzi akiendesha malori ya Zambia. Kanda zilikaa kwenye dashibodi, zikapigwa na jua mpaka utepe ukavutika, nyimbo zikawa zinaburuta miguu na sauti za waimbaji zinatoka kama watu wanaoongea usingizini. Tamimu akiwa mtoto aliamini kwamba muziki mzito ndivyo ulivyo. Alipokuja kuzisikia nyimbo zile nzima, zikikimbia, alihuzunika kama mtu aliyeonyeshwa picha ya zamani ya mzazi wake na asimtambue. "Ndiyo maana sisi tunapiga polepole," aliwaambia mashabiki. "Tunapiga kanda iliyopigwa na jua."

Deo alisimulia ngoma za babu yake, na mashine ya kukamua alizeti alikofanya kibarua, ile inayogonga mara tatu halafu inakosa moja. Alirekodi mlio wa mashine akautuma. Mashabiki nao wakaanza kutuma vya kwao: pampu ya kisima, mvua juu ya turubai, mama anatwanga uwele. Kundi likawa kama ua ambamo kila mtu ameingia na kigoda chake.

Zamu ya Jesca ilipofika, alisema wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, akasema ijayo tena. Mashabiki walipomkumbusha aliandika, "Kisima changu kimefukiwa," akaweka kikatuni cha kucheka. Ukweli ni kwamba alikuwa na jambo la kusema, ila aliliona dogo mno kuwekwa pembeni ya kanda za Zambia na ngoma za babu.

Ndipo mtayarishaji mmoja wa Dodoma, aliyetumiwa nyimbo zao na rafiki wa Tamimu, alipopiga simu. Aliwasifu. Kisha akasema kitu ambacho Tamimu alikaa nacho siku kadhaa kabla ya kukitoa.

"Jesca," alianza, wakiwa wanakunja nyaya. "Yule bwana anasema besi haisikiki kwenye simu. Spika ya simu ni ndogo, haiwezi kuitoa. Na watu wetu wote wanasikilizia simu."

"Najua," Jesca alisema.

"Anasema besi inakula nafasi bure. Kwamba tukiitoa, gitaa litapumua."

"Basi itoeni."

"Mimi sijasema tuitoe. Nasema tujaribu wimbo mmoja."

Deo alikuwa akifunga kifuniko cha dramu. Aliacha, akawatazama wote wawili, kisha akaendelea kufunga. Jesca alilifuta gitaa lake kwa kipande cha kanga, akalilaza kwenye kasha lake taratibu.

Walirekodi "Vumbi la Kiangazi" bila yeye. Jesca alikuwepo, aliketi juu ya gunia akawashikia tochi umeme ulipokatika, na wimbo ulipomalizika aliwaambia ni mzuri. Ulikuwa mzuri kweli, mwepesi kuliko nyimbo zao zote, hata lile dramu kubwa Deo hakuligusa. Akashuka Mandewa peke yake, upepo ukimsukuma mgongoni, akiwaza kwamba mtu anaweza kutolewa mahali kwa upole kabisa, hata asipate wa kumlaumu.

Wimbo ukatumwa. Mashabiki wakaupokea kwa shangwe za vidole gumba na miali ya moto. Kesho yake, Jesca akiwa dukani anamsubiri mteja achague dawa ya kupe, kukaingia ujumbe kutoka kwa mtu ambaye hakuwa ameandika hata mara moja tangu ajiunge.

"Ndugu zangu Majabali, salaam. Wimbo mpya nimeupokea lakini umeharibika njiani. Kwenye kioo naona unacheza, ila spika haisemi kitu. Nimejaribu tena na tena. Aliyeupata mzima naomba anirushie. Mughwai, Rungwa."

Fundi pikipiki akamjibu kwamba wimbo ni mzima, tatizo ni simu. Mwanachuo mmoja akamshauri azime na kuwasha. Mwingine akatania kwamba labda huko Rungwa, kwenye nchi ya asali, nyuki wameingia kwenye spika. Vicheko vikajaa. Kisha, kwa namba ileile, ukaja ujumbe mwingine.

"Samahanini. Mimi ni Magdalena, binti yake. Simu hii tunatumia wote wawili. Baba hasikii. Aliugua homa ya uti wa mgongo miaka ya nyuma, akapona, masikio yakabaki huko. Hasikii mtu akisema, hasikii jogoo wala kengele ya kanisa. Alichobakiwa nacho ni zile sauti za chini sana, na hizo nazo anazipata kwa kugusa. Nyimbo zenu anazisikiliza akiwa ameegemea spika kubwa. Huu mpya hana anachokipata. Msimcheke."

Aliyetania habari ya nyuki akafuta ujumbe wake. Mteja aliweka pesa ya dawa ya kupe juu ya meza akaondoka, na Jesca hakukumbuka kumwambia asante.

Alimpigia Magdalena kutoka nyuma ya duka. Sauti ya mwanamke yule ilikuwa tulivu, na nyuma yake Jesca alisikia kuku na mtu akipasua kuni.

"Ilianzaje, dada?" Jesca aliuliza.

"Nilirudi nyumbani baada ya chuo. Nikanunua spika ya kibanda kimoja cha video kilichofungwa. Siku moja nafagia, nimefungulia wimbo wenu, baba yuko barazani kwenye benchi anachonga mzinga. Akainuka. Akaniuliza, nani anatembea nyuma ya nyumba? Nikamwambia kwa mikono, hakuna mtu. Akasema, yupo, mzito, anatembea taratibu, anakuja." Magdalena alifukuza kuku. "Alizunguka nyumba nzima. Halafu akaweka kiganja kwenye spika, akakaa chini. Hakuchonga tena siku ile."

Jesca alitazama mkono wake wa kulia, vidole viwili vyenye sugu. "Anayetembea ni mimi," alisema. Hakuwa amekusudia kulisema kwa sauti.

"Ni wewe?" Magdalena akauliza. "Alidhani ni mwanaume."

Jioni ile aliwasimulia wenzake. Tamimu alisikiliza mpaka mwisho, akaketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "kuna mtu ambaye kwake mimi sipo."

"Mimi nipo kidogo," Deo alisema. "Lile dramu kubwa."

Tamimu alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Baadaye, wakiwa nje wanaziangalia taa za mji zikiwaka moja moja chini ya kilima, akamwambia Jesca, "Nilikukosea."

"Ulijaribu wimbo mmoja."

"Nilikukosea," alirudia. "Twende kwake. Tumpelekee wimbo mzima, sisi wenyewe."

Idrissa, binamu yake Tamimu, alikuwa na lori aina ya Fuso lililopeleka chumvi, sabuni na mabati Rungwa na kurudi na asali. Aliwakubalia bila maneno mengi, ila akawaonya kwamba vyombo vyao vitakaa juu ya chumvi. Wakapakia amplifaya ya besi, spika, dramu na jenereta dogo, wakaondoka Singida kungali na ukungu juu ya ziwa Singidani. Walipita Manyoni. Itigi wakalala, na alfajiri wakaingia barabara ya vumbi inayokata msitu kuelekea kusini magharibi.

Jesca alipanda nyuma, juu ya magunia. Miti ya miombo ilipita pande zote mbili, ileile na ileile, majani mekundu machanga yakipenywa na jua, hata ikaonekana kama si wao wanaokwenda bali msitu ndio unaopita na kuwasalimu. Mbung'o waligonga turubai. Mara kwa mara aliona juu ya matawi mizinga ya magome imening'inia, kimya, kama viatu vilivyovuliwa na majitu yaliyoingia ndani kupumzika. Alisinzia, akaamka, akasinzia. Hakuweza kusema baadaye ni kipi alikiona na kipi alikiota.

Mzee Mughwai aliwapokea mbele ya nyumba yake, karibu na ghala la asali la kikundi cha wafugaji nyuki. Alikuwa mrefu, mwenye mvi za pembeni, shati limefungwa vifungo vyote kwa ajili ya wageni. Jesca alisogea, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo, kisha akakumbuka. Lakini mzee alikuwa ameshaliona goti.

"Marahaba, mwanangu," alijibu. Sauti yake ilikuwa kubwa na imelala, haipandi wala haishuki, kama barabara ya tambarare. "Karibuni Rungwa. Mimi kwetu ni Ilongero, huku nilifuata asali nikiwa kijana, nikanata."

Magdalena alicheka, akawaambia kila mgeni huambiwa hivyohivyo. Alikuwa na umri kama wa Jesca, mwembamba kama baba yake, akifanya kazi katika zahanati ya jirani. Pembeni ya mlango palikuwa na kibao cheusi na chaki. Hapo ndipo watu walipoongea na mzee, kwa kuandika. Siku hiyo palikuwa pameandikwa kwa herufi za Magdalena: WANAKUJA.

Walikula ugali wa uwele na kuku. Baada ya chakula mzee aliwaonyesha benchi lake. Lilikuwa la mninga, ubao mmoja mpana, umelainika kwa kukaliwa. Upande mmoja uliegemea spika ya kibanda cha video, iliyopasuka kitambaa. Alimfanyia Tamimu ishara alale. Tamimu akalala chali, Magdalena akafungulia wimbo wao mmoja wa zamani, na Jesca akamwona mwenzake akikunjua uso polepole, kama mtu aliyeingizwa kwenye maji ya vuguvugu.

"Mbao inaubeba," mzee alieleza. "Unaingia kwa mgongo. Ukifika kifuani unakaa." Kisha akamgeukia Jesca. "Magdalena kaniambia ndiye wewe. Nimekufahamu muda mrefu kuliko unavyonifahamu. Lakini sijui ulikotoka. Hawa wawili walisema visima vyao, nikasoma. Wewe ulinywa wapi?"

Deo alitazama chini ili asitabasamu. Jesca alichukua chaki, akasimama mbele ya kibao, akahisi kama mwanafunzi aliyeitwa mbele darasani. Aliandika neno moja, akalifuta. Kisha akaandika bila kusimama, herufi zikipanda upande, akifuta kwa kiganja kila kibao kilipojaa, na mzee akisoma kwa midomo.

Aliandika kwamba alikulia Kilimatinde, baba yake akiwa mlinzi wa misheni. Alipokuwa mdogo aliugua surua, akalazwa chumba chenye madirisha yaliyofunikwa kwa shuka, kwa sababu mwanga ulimuumiza. Godoro lilimchoma kwa joto, akawa anateremka kulala sakafuni, sikio kwenye saruji iliyo baridi. Na huko sakafuni, usingizini na si usingizini, kulikuja kitu. Kilikuja kabla ya kusikika. Kilikuwa ni treni ya mizigo ikipanda kutoka Saranda, mbali kule chini ya bonde, ambayo wakubwa walisema haiwezi kusikika kutoka pale. Walisema ni homa. Lakini ilikuja kila siku, ikaingia kwenye shavu lake, kwenye meno yake, taratibu, nzito, na kila ilipokuja alijua hatakufa. Alipopona treni ikapotea. Miaka mingi baadaye alishika besi ya Tamimu kwa kujaribu tu, akapiga uzi wa juu, ambao sauti yake ndiyo ya chini kuliko zote, na treni ikarudi.

"Sikuwaambia watu," aliandika mwisho, "kwa sababu si muziki."

Mzee Mughwai alisoma hilo la mwisho mara mbili. Nyuma yake Tamimu alikuwa ameketi kwenye benchi, haangalii kibao tena, anamwangalia Jesca.

"Hukuwahi kutuambia hata sisi," alisema.

"Hamkuniuliza. Na mlipouliza, niliogopa."

Mzee hakuwasikia. Alikuwa akipangusa mikono kwenye suruali, kama mtu anayejiandaa kupokea kitu. "Basi nipigie hiyo treni," alisema.

Waliwasha jenereta nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa limeshuka kiasi cha kugusa vichwa vya miti, vumbi la uwanja likawa la dhahabu, na watu wa jirani walianza kusogea: akina mama na ndoo zao, wafugaji nyuki waliotoka msituni wananuka moshi. Walitarajia kelele. Tamimu alishika gitaa, akafikiri, kisha akalitua. Deo naye aliweka vijiti juu ya dramu, akakaa tu.

Jesca aliiegemeza amplifaya kwenye benchi la mninga. Mzee alikaa, akaweka viganja vyote viwili ubaoni, akafumba macho. Jesca naye akafumba.

Alipiga nota moja, akaiacha ifike ilikokuwa ikienda. Akapiga ya pili. Hakupiga wimbo wowote wa Majabali. Alipiga sakafu ya Kilimatinde, ile saruji baridi, ile shuka dirishani na mwanga mwekundu uliopita katikati ya nyuzi zake. Sauti ilikuwa ya chini kiasi kwamba watu waliokuwa uwanjani waliiona kwanza kwenye maji ya ndoo, yakitetemeka miduara midogo, ndipo wakaisikia. Mama mmoja alivua kandambili, akakanyaga ardhi kwa unyayo mtupu. Jesca hakuona hayo, alikuja kusimuliwa. Yeye alikuwa katika ule mwanga wa kijivu usio na jina, na kwa mara ya kwanza alihisi kwamba humo ndani kuna mtu mwingine.

Mtu yule akaanza kuimba.

Jesca alifumbua macho. Mzee Mughwai alikuwa amesimama wima, kiganja kimoja bado ubaoni, kidevu kimeinuka. Ile sauti iliyolala ilikuwa imeamka. Haikuwa nzuri. Ilikwaruza, na mahali pengine iliteleza pembeni ya nota kama mguu kwenye tope, lakini ilipanda, ikashuka, ikashika njia. Aliimba mstari, akanyamaza. Akangoja, kichwa kikitikisika kwa kuhesabu mapigo ya besi. Akaimba mstari mwingine. Akanyamaza tena.

Deo alimnong'oneza Magdalena, "Amesahau maneno?"

Magdalena alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Baba alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya tenori," alisema. "Huu ni wimbo alioutunga katekista wetu, zamani. Una sauti nne. Anaimba sehemu yake tu. Hapo anaponyamaza anawaachia wengine."

Jesca alizidi kupiga. Hakujua wimbo ule, lakini mzee alimpa pa kukanyaga, naye akakanyaga. Kimya kikaja tena, kile cha wengine, na ndani yake kukawa na besi peke yake, na upepo, na jenereta mbali. Mara ya tatu kimya kilipofika, Magdalena alipiga hatua mbele. Alisimama mahali ambapo baba yake angemwona akifumbua macho, akaimba soprano.

Mzee alifumbua macho. Hakusikia kitu, Jesca alijua hakusikia kitu. Lakini aliutazama mdomo wa binti yake ukifunguka na kufungika mahali palepale palipostahili, akatabasamu, na zamu yake ilipofika aliingia bila kuchelewa hata chembe. Katika ule umati mtu mmoja alikuwa akiufahamu wimbo, mwanaume wa makamo mwenye kofia ya kuzuia nyuki imening'inia mgongoni, naye akaongeza sauti ya tatu kwa aibu, kisha kwa nguvu. Tamimu aliufunika uso kwa mikono. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kurekodi.

Baadaye walipiga nyimbo zao. Walipiga "Vumbi la Kiangazi" na besi ndani yake, na vijana wa Rungwa waliruka mpaka vumbi lenyewe likainuka. Walikuwa na furaha, lakini ilikuwa furaha ya watu wanaojua kwamba jambo la siku limeshapita. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi lake, anakunywa chai, mkono mmoja juu ya ubao.

Magdalena na Jesca waliosha vyombo pamoja. "Nilikuwa na miaka kumi alipoacha kuimba," Magdalena alisema. "Hakusema anaacha. Alikuwa anafungua mdomo, hajijui kama anatoa sauti, anaufunga. Nilikuwa nimeshasahau anaimbaje." Alisuuza bakuli kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. "Leo sijui alijuaje kama anatoa sauti."

"Labda hakujua," Jesca alisema. "Labda hakujali."

Asubuhi Idrissa alipakia madumu ya asali, wao wakapanda. Mzee alimpa Jesca mkono, akaushikilia, akavitazama vile vidole viwili vyenye sugu kama mtu anayeangalia miguu ya mgeni aliyetoka mbali. Hakusema lolote la kukumbukwa. Alisema barabara ina mashimo, wakae katikati ya lori.

Walipokuwa wamekiacha kijiji nyuma, Tamimu alisema tangu sasa nyimbo zitapigwa jinsi zinavyopigwa, na mwenye simu ndogo atafute mahali pa kuegemea. Deo alisema hilo ndilo litakuwa jina la albamu. Wakabishana kidogo, wakachoka.

Mbele kidogo Idrissa alipunguza mwendo, kisha akazima injini kabisa. Hakupiga honi. Tembo walikuwa wanavuka barabara, wakubwa kwa wadogo, wakitoka upande wa hifadhi, wakubwa wao wakikaribia kimo cha lori, na miguu yao haikutoa sauti yoyote juu ya vumbi. Jesca aliinuka juu ya madumu akawatazama. Ukungu ulikuwa bado chini ya miti, wakawa wanatokea kwenye weupe na kuingia kwenye weupe. Wa mwisho alisimama katikati ya barabara, akainua mguu mmoja wa mbele, akauacha hewani kidogo, kana kwamba anapokea habari kutoka ardhini kupitia ile mitatu iliyobaki. Kisha akawafuata wenzake, na Idrissa akangoja msitu ufunge nyuma yake ndipo akawasha.